Mapafu na Ukurasa wa Kumi na Nne

Walimwita Mapafu tangu enzi alipoweza kuishika noti moja ya saksafoni mpaka watu ukumbini wakaanza kutazama saa zao. Sasa alikuwa na miaka sabini na moja, na daktari alikuwa amemruhusu kupuliza dakika tano tu kwa siku, tena akiwa ameketi. Kupunguza dakika hakukumsumbua sana. Kuketi ndiko kulikomshinda.

Binti yake, mwalimu wa sekondari, alikuwa amemwandikia mchezo wa jukwaani wa mtu mmoja. Miezi minane alimrekodi kwa simu jikoni kwake, huku mzee akiizunguka meza na yeye akiigeuza simu kumfuata.

"Baba, kaa basi."

"Si nimekaa?"

Hakai. Lakini maneno yalitoka, maisha yote ya mwanamuziki wa jazi, na yakawa kurasa thelathini. Mapafu mwenyewe ndiye angezisema, peke yake, mbele ya viti sitini vya plastiki katika chumba cha chini cha maktaba, kisha amalizie na zile dakika tano za saksafoni.

Alizishika kurasa haraka ajabu, isipokuwa ya kumi na nne. Humo mlikuwa na kifo cha mkewe. Binti alikuwa na miaka saba wakati ule, na Mapafu alikuwa safarini na bendi. Hadithi waliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa fupi: dada yake Mapafu, aliyekuwa akimuuguza mgonjwa, alichelewa kupiga simu. Kwenye mchezo ilikuwa sentensi moja tu: *Habari zilinifikia mke wangu ameshazikwa.*

Kila akifika hapo anaomba maji. Au anaruka kwenda ukurasa wa kumi na tano. Siku moja alisingizia viatu.

"Baba, sentensi hii umeniambia tangu nikiwa mdogo," binti alisema. "Leo inakushinda nini?"

"Ni ndefu."

"Ina maneno matano!"

Jumamosi ya onyesho la kwanza, saa tisa kasorobo alasiri, Mapafu alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Kwenye safu ya mbele kabisa aliketi dada yake, mkunga mstaafu, mkoba juu ya mapaja.

"Nani kamwita huyu?"

"Mimi," binti alisema. "Ni dada yako, baba. Ungetaka nimfungie mlango?"

Alilisema hilo kwa adabu kavu, kama alivyozoea kila shangazi alipotajwa. Shangazi ndiye aliyemlea, akamsuka, akamsomesha. Lakini binti akienda kumwona, alimwamkia vizuri, akanywa chai nusu kikombe, akaaga. Miaka thelathini na miwili ilikuwa hivyo.

Mapafu akaanza kutembea nyuma ya pazia, kwenda na kurudi, mpaka fundi taa akashuka kwenye ngazi yake. "Mzee, nakuomba. Ukiingia na mwendo huo, mimi taa zangu hazina miguu."

Aliingia. Alianza vizuri, watu wakacheka alipoeleza alivyorudi kinyumenyume kwa madaha akaangukia ngoma za mwenzake. Dada yake naye alicheka, akifunika mdomo. Kisha ukurasa wa kumi na nne ukafika.

"Habari zilinifikia," alisema Mapafu. Akaenda kwenye kiti, hakukaa, akarudi.

"Habari zilinifikia saa kumi na mbili jioni, kabla hatujapanda jukwaani. Mke wangu alikuwa hai. Dada alipiga simu ofisi ya ukumbi, wakaniandikia kikaratasi: *Anakuulizia, njoo sasa hivi.* Kulikuwa na basi la saa moja. Ningesafiri usiku kucha, ningefika saa kumi alfajiri. Yeye alikata roho saa kumi na moja."

Aligusa mfuko wake.

"Nilikitia kikaratasi mfukoni nikapiga muziki. Nilijiambia nitapanda basi la asubuhi. Nilipofika walikuwa wanatoka makaburini. Nikamwambia mtoto kwamba simu ilichelewa. Na dada yangu alikuwa amesimama pale, ananisikia."

Dada yake aliinuka. "Nani kakutuma?" aliuliza kwa sauti ya wodini. "Nakuuliza, nani kakutuma useme?"

Wengine walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Aliukwapua mkoba wake akatoka nje. Kule nyuma fundi taa alinyoosha mkono azime, lakini binti akamshika kifundo cha mkono. "Acha ziwake," alisema. Basi Mapafu akabaki kwenye mwanga wote, kurasa kumi na sita zikiwa bado hazijasemwa. Aliichukua saksafoni, akaitia mdomoni, pumzi ikagoma. "Basi, jamani," alisema. Watu wakapiga makofi machache ya mashaka.

Walimkuta dada yake kwenye benchi la nje. Hata kabla hawajamfikia alikuwa ameshaanza.

"Mimi nimeubeba mzigo huu miaka yote hiyo, kimya. Wewe unakuja kuubwaga mbele ya watu nisiowajua hata majina! Mtoto alishakosa mama. Ningemnyima na baba?"

Binti alimgeukia baba yake. "Ulipiga mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Watu wakaomba mpige tena?"

"Wakaomba."

"Mkapiga?"

Mapafu alitazama viatu vyake. "Tulipiga."

Binti aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitarajia. Kisha akachuchumaa mbele ya benchi.

"Shangazi, ulikubalije nikuchukie bure?"

"Hukunichukia, mwanangu. Ulikuwa unaninunia. Kununa kwako nilikumudu."

Hapo binti akaangua kilio, kichwa juu ya ule mkoba. Walipoinuka, alimtia shangazi yake kwenye gari wakaondoka. Mapafu walimwacha pale pale na sanduku la saksafoni.

Siku tano simu haikulia. Mapafu alikuwa roho juu juu. Alifua shati lililokuwa safi, akalianika, akalianua bichi. Alishuka dukani akasahau alichofuata. Alivipanga vyombo upya, kisha akavirudisha vilipokuwa. Usingizi ulimpaa, chakula hakikupita. Mara tatu alibonyeza namba ya binti na mara tatu akakata kabla haijaita.

Alhamisi mchana binti akaja. Hakuvua viatu, hakuketi. Alimpa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini.

"Jumamosi, saa tisa. Ukurasa wa kumi na nne nimeuandika upya."

"Umeandika nini?"

"Ulichokisema. Na nimemwingiza shangazi."

"Si ni mchezo wa mtu mmoja?"

"Ndiyo. Utamsema wewe. Maneno ni yake, juzi kanisimulia mpaka mkono ukaniuma."

Mapafu alizishika karatasi kama kitu cha moto. "Mwanangu, umenisamehe?"

"Sijui, baba. Nina madaftari arobaini ya kusahihisha." Alifika mlangoni, akasimama kidogo. "Ule chakula. Umekonda."

Alipoondoka, Mapafu alianza kusoma kwa sauti, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. *Nilimwambia wifi yangu kwamba yuko njiani. Aliniuliza tena, nikamwambia yuko njiani. Nilimdanganya mara nne.* Jambo hilo hakuwahi kulijua. Alilisema kwa ukali, likasikika vibaya. Akalisema kwa kilio, likaharibika zaidi. Akachukua simu.

"Dada," alisema. "Usikate. Hapa ulipomwambia yuko njiani, ulisemaje? Kwa hasira?"

Upande wa pili kilisikika kiti kikivutwa.

"Hasira nilizitoa wapi? Sikuwa nimelala siku tatu. Nilisema kwa uchovu, kama mtu anayetaja saa. Haya, soma nikusikie."