Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Jumapili saa nane mchana, mvua ikinyesha mtaa wa Ixelles huko Ubelgiji, mlango wa jikoni uligongwa. Euphrasie, mtumishi wa nyumba hiyo, alifungua. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo asiyemfahamu, mweusi kama yeye, viatu vimelowa chepechepe.

"Ni hapa wanaonyesha filamu ya Brazili?"

"Ndiyo, maman. Lakini wageni wanapitia mbele."

"Najua." Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza. "Miguu ndiyo imenileta huku. Miaka thelathini napitia jikoni."

Aliitwa Dalva. Ndiye aliyecheza mtumishi katika filamu hiyo, na kabla ya hapo alikuwa mtumishi kweli, nyumbani kwa mtu aliyeitengeneza.

Euphrasie alimgawia bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo. Tangu aondoke Lubumbashi, miezi saba sasa, hakuwa amekula na mtu. Akammiminia maji katika kikombe chake mwenyewe, chenye uzi mwekundu kwenye kishikio.

"Uzi wa nini?"

"Madame ameufunga. Vikombe visichanganyike."

Dalva alicheka hadi akapaliwa. "Changu kilikuwa cha bati! Utakiona kwenye filamu. Utakaa wapi?"

"Mimi? Hapa hapa. Nitachungulia mlangoni."

"Alors, kaa nami. Nikiwa peke yangu kati yao, nitatazama viatu vyangu mpaka mwisho. Niahidi."

"Bon… naahidi, maman."

Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Kibali chake cha kukaa Ubelgiji kilitegemea barua ya kazi, na Madame alikuwa bado hajatia sahihi barua ya mwaka unaofuata.

Sebuleni taa zilizimwa, filamu ikaanza kuonyeshwa ukutani. Matajiri wa Rio waliwaombea maskini mezani, kisha mama mwenye nyumba akamkaripia mtumishi kwa kunywea glasi ya familia. Akampa kikombe cha bati. Wageni waliguna. Wakili mmoja alipenga kamasi. Madame alijifuta machozi.

"Watu gani hawa!" alinong'ona.

Euphrasie alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Katika safu ya mbele Dalva alikaa peke yake, kiti cha kushoto kitupu, cha kulia kitupu, kichwa kimeinama.

Euphrasie aliweka sinia chini. Akafungua aproni, akaikunja, akapita mbele ya magoti ya wageni.

"Euphrasie!" Sauti ya Madame ilikuwa ndogo, kali. "Jikoni."

"Nimemwahidi mgeni, Madame."

"Basi ile barua usiniletee tena."

Euphrasie alisimama kidogo, mwanga wa filamu ukimpiga usoni. Alifikiria chumba chake cha darini, sanduku lake moja. Kisha akaketi kando ya Dalva.

Dalva aliinua macho, akajitazama ukutani akila wima kando ya jiko, mpaka mwisho.