Hesabu ya Usingizi

Baada ya chakula cha mchana nesi aliingia wodini na laptopu, akaiweka miguuni pa kitanda cha saba, akaifunua. Ilipoamka iliandika: zimebaki saa tisa na dakika kumi. Nesi akazinakili daftarini, akaifunika, akahamia kitanda cha nane.

Muda ule haukuwa wa betri. Tangu msimu uliopita laptopu ilisoma muda wa kuishi uliomsalia mgonjwa aliye karibu nayo, na wodi ilishaizoea. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja tu. Alipewa aliyebakiza muda mfupi kuliko wote.

Kwenye kitanda cha saba alilala mgonjwa, kucha zimegeuka bluu; dada yake, mshonaji wa nguo, alikuwa akimuuguza.

"Hizo ni hesabu za usingizi," alisema fundi kompyuta wa kitanda cha sita, mguu wake ndani ya plasta. "Ikitoka kulala hudhani bado inakula chaji kidogo kidogo. Iachwe wazi dakika tano ndipo iseme kweli. Nilimwambia nesi, akaniambia nihangaike na mguu wangu."

Mshonaji akamfuata nesi hadi kitanda cha mwisho, akapiga magoti.

"Nesi, dakika tano tu. Nakuomba, mwenzangu."

"Vitanda kumi na viwili kwa dakika tano tano, ni saa nzima. Na wodi mbili zinaningoja."

Hata hivyo alimwachia laptopu, akapeleka orodha ofisini. Mshonaji akaifunua miguuni pa mdogo wake, akakodoa macho. Saa tisa zikawa nne. Nne zikawa moja. Kisha dakika thelathini na nane, ikatulia hapo.

Nesi aliporudi alisoma, akaguna. Mtungi ulikuwa umeshafungwa kitanda cha tatu, kwa bibi aliyesomewa saa sita, za usingizi vilevile.

"Orodha ikishapokelewa haifutwi," alisema. "Kesho nitaanza na nyinyi." Akaenda kumtazama bibi.

Mgonjwa wa kitanda cha saba akafumbua macho. "Dada, inasema ngapi?"

Mshonaji akaifunika laptopu, akahesabu kimoyomoyo hadi ishirini, akaifunua.

"Masaa tisa na ushee."

"Kumbe mengi hivyo." Alihema kwa shida. "Basi nenda ukale kwanza. Utanikuta."

Mshonaji akavua viatu, akapanda kitandani, akamwegemeza kifuani pake.

"Nimeshashiba," alisema.