Nishani ya Keya na Mji Usiotolewa

Usingizi hauna adabu. Haubishi hodi, hauvui viatu mlangoni, humkuta mtu pale pale alipojiapiza kwamba hatalala. Leo unamkuta Eufrasia Tawete kwenye benchi la ofisi moja mjini Songea, mchana mweupe, jua linawaka, chupa ya chai katikati ya miguu na mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili, maana yeye watu wa kwenye benchi hawaamini. Amekuja kudai nishani ya baba yake. Marehemu mzee Gerold Tawete alikuwa keya, ndivyo walivyoitwa askari wa Mwingereza waliopelekwa Bama, yaani Burma, kupigana na Mjapani. Nishani yake aliambiwa itakuja, akaingoja mpaka meno yakamwisha, akafa anaingoja. Sasa Jumamosi kaburi lake linajengewa, na Benitho, mtoto wa baba mdogo, ameshatamka mbele ya mafundi, kata ya pombe mkononi: Dada, neno keya haliandikwi kwenye msalaba wa mtoro. Keya gani hana nishani? Ilete, tuandike. Kama huna, funga mdomo tumwage zege. Na kinachomuuma Eufrasia si mdomo wa Benitho, huo ameuzoea tangu unanyonya. Kinachomuuma ni kasauti kadogo ndani yake mwenyewe kanakouliza, na kama ni kweli? Maana baba hakusimulia vita hata siku moja. Ukimuuliza habari za Bama anakutegea kitendawili, kile kile miaka yote: Nimeubeba mzigo, nimeutua, bado unanielemea. Mnakisia, mnashindwa, na sheria ya kitendawili ni kwamba aliyeshindwa hutoa mji, basi mnampa Songea, mnampa Lindi, mnampa hata Ulaya, naye anatikisa kichwa. Mji huo siutaki, mama. Akazikwa na jibu lake.

Bibi, subiri kidogo, amesema karani, kijana wa shati jeupe. Vitu vya marehemu vinatolewa mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma! Eufrasia anautazama kwa jicho la pembeni. Tangu lini cha halali kikapita nyuma? Anautazama, anautazama, nao unafunguka wenyewe kama mdomo wa mtu anayepiga miayo, na kabla hajajua ameinuka saa ngapi, yuko upande wa pili, na kule kwenye benchi kabaki bibi mmoja anasinzia, kakumbatia mkoba, anayefanana naye kuliko inavyopendeza.

Ni barabara. Nyekundu, ndefu, haina haraka, na kila akiifikia kona inajikunja kama jani la tumbaku linaloona moto, inaanza upya. Nyumba zimepangana huku na huku, kila nyumba inamtazama pacha wake, cha kulia kwa huyu ni cha kushoto kwa yule, na huku kuku anadonoa punje, kule punje inatoka mdomoni mwa kuku inarudi chini. Eufrasia anaukaza mkoba. Mji unaojitazama hivi una jambo unaloficha mgongoni. Na katikati ya barabara kasimama mtu mwenye kaptura ya kaki na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, ambaye uso hana. Haukufunikwa, haupo tu, pale ni laini kama yai la kuchemsha lililomenywa. Karibu, Mngoni, anasema bila mdomo. Babu zenu walitembea toka kusini ya kusini kwa kukimbia jembe, na wewe bado hujachoka kutembea? Eufrasia anamtazama toka kofia hadi vidole. Anayenitukana kabla ya salamu, anasema, ama ni mwizi ama ni mtani wangu, na kwa kuwa sura huna, nitakuhesabu mwizi kwanza. Nimefuata nishani ya baba. Nishani, anasema yule, zipo tele, lakini njia yake inalipiwa kwa akili. Kitendawili! Na ulimi wa mtu aliyekuzwa jikoni kwa vitendawili haumngoji mwenyewe. Tega, unasema. Walikwenda wanaimba, wamerudi wananong'ona. Nyuki, anasema Eufrasia. Siyo. Watoto wa shule. Siyo, nipe mji. Na hapo anafanya kosa ambalo angelifanya mtoto yeyote wa kwao, maana huko mji wa kwanza kutoa siku zote ni ule ule, unatoka wenyewe kama chafya: Chukua Songea. Nimeichukua, anasema yule, nimefika Songea, nimekula, nimenywa, wamenitandikia mkeka, na jibu ni makeya. Eufrasia anageuka na kuona Songea inakunjwa nyuma yake, soko, kanisa, stendi, vyote vinaviringishwa kama mkeka baada ya matanga na kutiwa kwapani. Wewe, rudisha! Nina benchi langu mle! Mji uliotolewa haurudishwi, mama. Ungenipa Lindi.

Wanakwenda, au barabara ndiyo inayokwenda wao wamesimama, Eufrasia hana hakika, na sasa kila neno analibonyeza kama anavyobonyeza parachichi kabla ya kununua. Kitendawili. Safari hii anakawia, anakawia sana, kisha anasema tega kwa sauti ndogo. Jina analo, uso hana. Kaburi analo, kwao halipo. Jibu linamjia, liko karibu, anaona hata mkia wake, lakini limemjia upesi mno, na kinachokuja upesi namna hiyo kimetumwa. Nakupa Tabora, anasema. Yule anacheka, kofia inatikisika. Unanipa mji wa jirani zangu! Nimekwenda Tabora, nimekula maembe yao, hawakuniaga, na jibu ni askari aliyefia ugenini. Jirani zako? anauliza Eufrasia. Kwani kwenu wapi? Lakini wameshafika.

Wamefika kwenye bani, nyumba ndefu ya kukaushia tumbaku kama ile ya baba, moshi unatoka kwenye nyasi za paa, ila ndani juu ya fito hakuna tumbaku. Kumetundikwa nishani. Safu juu ya safu, tepe zake zinaning'inia, zinakaukia moshini, na upepo ukipita zinalia kama vijiko sandukuni. Chukua, anasema yule asiye na uso. Ya baba ipi? Yoyote. Chukua inayong'aa, mpelekee huyo Benitho, atajuaje? Eufrasia ananyoosha mkono, anaurudisha. Jumamosi ni keshokutwa na hapa juu ya kichwa chake pananing'inia kimya cha Benitho, cha bure, cha kuchuma tu. Ya bure ina mwenyewe, anasema. Nataka ya baba yangu, na kama hakupewa kwa sababu hakustahili, uniambie nijue. Basi ni hivyo, anasema yule, na sauti yake imepoa. Hakustahili. Tulimwona. Wenzake wanaelekea mbele, yeye peke yake anakimbia kurudi nyuma, mbio, na mzigo mgongoni, pumzi zinamtoka kama mvukuto. Mtoro ni nani kama si huyo? Lakini nakupa bahati ya mwisho, Mngoni. Kitendawili. Yule anatega bila kuitikiwa: Nimeubeba mzigo, nimeutua, bado unanielemea. Ukishindwa, unanipa Litapwasi, kwenu, pamoja na kaburi.

Umekiokota wapi? anapiga kelele Eufrasia. Hicho ni cha baba! Moshi unazidi. Na katika moshi ule anamwona baba anakimbia, anamwona mgongo umeinama, na akili yake yenye shaka, ile iliyomsumbua maisha yote, kwa mara ya kwanza inamgeukia Benitho badala ya baba. Mtu anayetoroka risasi hutupa hata kofia. Hutupa bunduki. Mtoro gani anakimbia na mzigo? Mzigo gani huo asioutupa? Anamtazama yule mwenye uso wa yai, kaptura yake, tumbo lake lililoinamia upande kama linauma, na matusi yake yasiyo na sumu. Ni mtu, anasema polepole. Alimbeba mtu. Akamtua kaburini, akarudi peke yake, na akaendelea kumbeba mpaka Litapwasi. Na mtu mwenyewe ni wewe, jirani wa Tabora, Msukuma mkubwa wee, mtani, ndiyo maana unatukana mpaka penye maiti!

Nyusi zinaanza, kisha pua, kisha mdomo wenye pengo, na mdomo unacheka. Luhende, anasema. Shikamoo ya baba yako nimeikosa miaka mingi, alikuwa hanisalimu, ananitukana tu. Siku ile aliambiwa mwache huyo amekwisha, akarudi kunifuata. Njia nzima anahema na kunisema: wee Msukuma, viazi vyote vya Usukuma umekula wewe, mgongo uvunjike wa Mngoni? Dada, nilikufa ninacheka. Ni wangapi waliokufa kule wanacheka? Machozi yanamtoka Eufrasia, lakini hata katikati ya machozi jicho moja linabaki kavu, linachungulia. Na nitajuaje kwamba hunidanganyi ili nifurahi? Hutajua, anasema Luhende. Mtani haapi. Ila nikuusie: ukishajibu, hudaiwi mji. Atakayekuomba mji wakati jibu umetoa, huyo ni tapeli, hata avae shati jeupe namna gani. Anampulizia moshi usoni, na moshi una harufu ya tumbaku ya baba.

Bibi. Bibi, amka. Mkono uko begani mwake. Benchi liko chini yake, chupa ya chai imepoa. Imepatikana, bibi, ya marehemu mzee Gerold. Karani kasimama mbele yake, dirisha liko nyuma ya kichwa chake, mwanga umemzunguka, na Eufrasia akikaza macho namna gani pua yake haioni. Nje hamna jua tena. Ukungu umeshuka mpaka chini, kanisa halionekani, soko halisikiki, hata pikipiki moja hailii, kama kwamba Songea imekunjwa na kutiwa kwapani. Anapeleka vidole kwenye nishani. Ni baridi, ni nzito, utepe wake unanukia moshi. Anajua tayari atakalomwambia fundi Jumamosi, iwepo nishani isiwepo, Benitho apende asipende: Keya Gerold Tawete, alimbeba mwenzake. Anavuta. Karani hajaachia. Jambo moja tu dogo, bibi yangu, anasema kwa upole mwingi, upole uliozidi. Nitajie kwenu. Unatoka mji gani?

Eufrasia anakaza vidole. Jibu, anamwambia, nimeshatoa. Na mji sitoi.

Upande wa pili wa utepe, karani anavuta kidogo.