Kibao cha Darasa la Sita

Kila asubuhi kabla ya kengele, Mwalimu Fanueli alikitoa kibao kabatini, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakitundika kwenye msumari kando ya ubao. Kilikuwa kipande cha mninga, ukubwa wa sahani, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Mtoto aliyesikika akisema Kinyiha, lugha ya nyumbani, ndani ya ua wa shule alikivaa shingoni mpaka asikike mwingine. Aliyebaki nacho saa ya kwenda nyumbani alichapwa fimbo tatu. Huo ulikuwa mwaka 1949, katika shule moja ya serikali upande wa Igamba, na darasa la sita lilikuwa na watoto ishirini na wawili.

Kanuni ilikuwa nyepesi kuitamka. Kiswahili ni cha masomo, Kiingereza ni cha mtihani, Kinyiha kibaki nje pamoja na majembe. Kiswahili chenyewe watoto walikipata hapo hapo shuleni, kwa taabu, na kabla hakijawakaa vizuri mdomoni wakabebeshwa Kiingereza juu yake. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja, nacho alikishika mwalimu.

Somo la "he" na "she" lilichukua mwezi mzima. Mwalimu Fanueli alimnyooshea kidole Yonasi akasema "he", na watoto, waliosikia "hii", wakauliza hii nini. Akaeleza kwamba maana yake ni yeye. Akamnyooshea Enesi, akasema "she", akaeleza kwamba maana yake ni yeye. Watoto wakaandika kwenye mbao zao: yeye, yeye. Fanueli hakuwa mjinga wala mkatili. Alikuwa amefika mahali ambapo Kiswahili kilimwishia, na lugha ambayo angeweza kuelezea, aliyozaliwa nayo mwenyewe, alikuwa ameitundikia kibao.

Aliyeeleza ni Ruti, binti wa mjane Ketrina. Aliinama kwenye dawati la nyuma akanong'ona kwa Kinyiha kwamba Mzungu hawezi kusema mtu amekuja mpaka achungulie kwanza kama ni mwanamume au mwanamke. Akishaona, ndipo achague neno. Safu ya nyuma ikaelewa, ikapeleka mbele. Kufikia mapumziko darasa zima lilikuwa limejua, na Ruti alikuwa na kibao shingoni.

Ikawa hivyo mwaka mzima. Kila darasa lilipoelewa kitu, Ruti alivaa. Kamba ilimchubua shingo mpaka ikaacha alama, na hilo angelivumilia. Lakini kulikuwa na kanuni ya pili: mwanafunzi aliyevaa kibao kuwapita wenzake hapelekwi mtihani. Na mwaka huo palikuwa na nafasi moja ya msichana katika shule ya bweni, safari ya siku mbili kwa lori. Ruti aliitaka nafasi hiyo kuliko chakula. Mama yake alikwisha kumwekea blanketi jipya ndani ya sanduku.

Mwezi wa nane kibao kilianza kusema. Siku hiyo Ruti alikuwa nyumbani ana homa. Mwalimu Fanueli alikuwa akihangaika na wakati uliopita, na kibao, kikiwa msumarini, kikasema kwa Kinyiha, kwa sauti ya Ruti, kwamba ukiona neno la Kizungu limeota mkia wa "ed", jambo hilo limekwisha pita, usilingoje. Watoto wakaandika. Fanueli akangoja kimalize, akaendelea na sentensi iliyofuata.

Kanuni ni kanuni. Aliyesema Kinyiha sharti avae kibao, kwa hiyo fundi Watson aliagizwa kuchonga kingine, na kile cha kwanza kikavishwa hicho cha pili. Cha pili hakikusema kitu. Mti wake ulitoka upande wa Tunduma, na pengine lugha ya hapa ilikuwa bado ngeni kwake. Mwalimu aliiandikia ofisi ya elimu kwamba kibao kinasema, akaomba maelekezo. Alijibiwa kwamba kibao ni mali ya serikali, kitunzwe.

Ruti alipopona alimfuata mwalimu wakati wa kufagia.

"Mwalimu, sasa si mimi ninayewaeleza. Ni chenyewe."

"Najua."

"Basi zile siku zangu za kuvaa kipewe chenyewe."

Fanueli alikifuta kibao vumbi kwa kiganja. Alisema, "Kimejifunza kwako, mwanangu. Siku ni zako." Aliona aibu kusema hivyo. Utotoni, misheni, yeye alivishwa mfupa wa ng'ombe kwa kosa lile lile, na alikuwa bado anakumbuka harufu yake.

Mkaguzi, Mwingereza mtaratibu mwenye kikohozi, alikuja mwezi wa kumi. Jina la Ruti lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, naye akakaa nje chini ya dirisha, akisikiliza. Ndani watoto waliulizwa, kibao kikawaeleza swali kwa Kinyiha, wakajibu kwa Kiingereza. Mkaguzi aliuliza ni nani anayenong'ona, akaonyeshwa. Akasogeza kiti mbele ya msumari, akakipa mtihani chenyewe. Kilijibu yote, "he" mahali pa "he" na "she" mahali pa "she". Mwishoni alikiuliza jina lake.

"Luti," kikasema.

Watu wa huku ndivyo wasemavyo. Ruanda, hapa jirani, ni Luanda, na mtoto aliyebatizwa Ruti hurudi nyumbani kutoka kanisani akiwa Luti. Ruti mwenyewe alijaribu miaka sita kuitamka ile herufi, ikamshinda. Mkaguzi alikisahihisha kibao mara moja, nacho, kwa kuwa hakikuwa na ulimi uliozoea kitu kingine, kikasema "Ruti", safi kabisa. Mkaguzi akatafuta orodhani, akalikuta jina limekatwa, akaliandika upya.

Barua ilifika kabla ya Krismasi. Ilisema Ruti amefaulu, na ilisema "she" mara tatu. Fanueli aliisoma mbele ya kanisa kwa sababu iliandikwa isomwe hadharani, na Ketrina alilia kwa furaha mpaka akashikwa mkono. Ruti hakulia. Alikuwa ameyasikia yote chini ya dirisha.

Lori lilikuja mwezi wa kwanza, limejaa tope. Fanueli alikileta kibao kimefungwa kwa gazeti, akamkabidhi dereva pamoja na barua, na dereva akaweka alama mbele ya jina. Ketrina alisimama na blanketi mikononi. Aliuliza kama huko kiendako kuna baridi, akaambiwa ipo, tena kali. Akalikunjua blanketi, akakiviringishia kibao, akakipandisha mwenyewe garini.

Lori lilipoondoka, Fanueli alirudi darasani akatundika kibao cha pili msumarini. Darasa jipya la sita lilikuwa likimngoja. Kabla ya saa nne mtoto mmoja, Osea, alikuwa amekivaa, kwa kumweleza mwenzake maana ya "he".

Ketrina na binti yake walichukua majembe wakaenda kupalilia mahindi. Walilima mpaka mwisho wa tuta la kwanza. Ndipo Ketrina, akiwa bado ameinama, akauliza walikosea wapi, maana jina lililosomwa kanisani alilisikia kwa masikio yake.

Ruti alipumzisha jembe. Alilitafuta lile jina la kwenye barua, akaikunja ncha ya ulimi jinsi mwalimu alivyowaonyesha kwa ile herufi, akavuta pumzi.

"Mimi ni Luti, mama," akasema. "Aliyefaulu ni Luti."

Ketrina akaitika kwamba amesikia, wakaingia tuta la pili.