Figo Iliyotangazwa Kanisani

Karimi alipata habari kwamba atatoa figo akiwa kanisani, safu ya tatu, pamoja na watu wengine wote.

Ilikuwa saa ya ushuhuda. Mama yake, Celina, alisimama, akapangusa macho kwa ncha ya leso, akasema Mungu amejibu. Kwa muda mrefu mwanawe Riungu alikuwa akipelekwa Meru mjini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimekufa. Madaktari walishauri atafutiwe figo ya ndugu.

"Na figo imepatikana kwangu nyumbani," Celina alisema. "Karimi, mwanangu, simama watu wakuone."

Karimi alikuwa amepimwa damu tu, ikapatana na ya kaka yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza neno lingine. Pasta Marete alianza kupiga makofi, kanisa zima likafuata, na mwanamke mmoja huko nyuma akapiga vigelegele. Karimi alisimama. Alikuwa mwalimu wa chekechea, amezoea kuwaambia watoto simama na kaa, na alishangaa jinsi miguu yake mwenyewe ilivyotii.

Tangu siku hiyo figo haikuwa yake tena. Riungu alikuwa amevimba uso, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Karimi, wacha kupanda boda boda. Umebeba mzigo wangu."

Akimwona anatia chumvi kwenye githeri humwambia, "Punguza, dada. Unaniharibia mali."

Nyumba nzima ilicheka. Karimi naye alicheka, kisha akarudisha chumvi koponi.

Hakuna aliyekumbusha kwamba Riungu alipewa vidonge vya presha zamani, akavitupa chooni kwa sababu vilimzuia kunywa pombe. Karimi alijaribu kujitetea mara moja tu, kwa baba yake, Naftaly, alipomkuta akinoa panga uani.

"Baba, na nikisema naogopa?"

Naftaly hakuinua macho. "Riungu ni jina la baba yangu. Nilishamzika. Unataka nilizike jina lake tena, kwa sababu wewe unaogopa kudungwa sindano?"

Hospitalini, daktari wa upandikizaji alitaka kumwona mtoaji peke yake. Aliitwa Habon, msichana wa Kisomali aliyezaliwa Meru mjini, na Kimeru chake kilikuwa cha mtu wa mtaa wa Kinoru hasa. Celina alikuwa tayari ameshika mlango.

"Mimi ndiye mama," alisema.

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuomba ungoje nje."

Ndani, Daktari Habon alimweleza Karimi yote bila haraka: watakapopasua, maumivu yatakavyokuwa, kazi nzito atakazoziacha kwa muda. Wengi waliotoa figo wanaishi vizuri, alisema, lakini hatari ipo, na wako waliokufa. Akipata mimba baadaye, itabidi aangaliwe kwa karibu.

"Sasa sahau ya kanisa na ya nyumbani," alisema. "Wewe unataka?"

Karimi alilia kabla ya kujibu. "Sitaki." Kisha akaanza kutafuta sababu, za kazi, za uchumba wake.

"Sijakuuliza sababu," daktari alimkatiza. "Nitawaambia figo zako hazifai. Sitaongeza neno."

"Si huo ni uongo?"

"Figo ya mtu asiyetaka haifai. Futa machozi kabla hujatoka."

Celina alipoambiwa hakulia. Alimtazama bintiye kama mtu anayetazama gunia la mahindi lililooza. "Mungu alikupa mbili," alisema, "na zote mbili ukaziharibu."

Jumapili iliyofuata Pasta Marete aliomba kanisa limwombee Karimi, mgonjwa wa figo. Habari zilifika kwa kina Njoka, kijana aliyekuwa alete mahari mwezi wa Desemba. Mama yake Njoka alikuja, akanywa chai, akasema ni vizuri wangoje kwanza msichana apone. Celina alimsindikiza mpaka langoni, akimshukuru kwa kusema ukweli. Nyumbani kikombe cha Karimi kilianza kuoshwa peke yake. Alipompelekea Riungu uji, Riungu aligeukia ukutani.

"Mwambie mdogo wako Ntinyari alete mwingine. Sijui huu umeshikwa na ugonjwa gani."

Kisha siku moja Celina alisimama tena saa ya ushuhuda. Mungu hajamwacha, alisema. Ntinyari naye amepimwa, damu imepatana.

"Ntinyari, mwanangu, simama."

Ntinyari alikuwa amemaliza shule mwaka uliotangulia. Alisimama akitabasamu, na Karimi akapiga makofi kama wengine, kwa sababu mama yake alikuwa akiiangalia mikono yake.

Alimwambia kesho yake, walipokuwa wakikata majani ya ng'ombe.

"Ntinyari, mimi siumwi. Nilikataa. Daktari alinifichia. Atakufichia hata wewe, mwambie tu hutaki."

Ntinyari aliendelea kufunga mzigo wake wa majani. "Kwa hiyo uliniacha nisimame."

"Sikujua mama ataenda kwako."

"Angeenda kwa nani? Kwa ng'ombe?" Alivuta kamba kwa nguvu. Alipokwisha kufunga fundo alisema, "Sawa. Nitamwambia."

Siku ya mahojiano, Karimi na mama yake walikaa benchi moja nje ya chumba cha daktari. Celina alikuwa ameweka kikapu katikati yao. Mlango ulipofunguka, Daktari Habon alionekana amechoka.

"Amekubali," alisema.

Celina alipiga magoti pale pale sakafuni. Karimi alimshika mdogo wake mkono, akamvuta mpaka mwisho wa korido.

"Si tuliongea?"

"Tuliongea. Aliniuliza vizuri kabisa, akaniuliza tena. Aliniambia hata sitalazimika kueleza mtu." Ntinyari alitoa mkono wake. "Lakini nimekuona unavyokaa nyumbani, Karimi. Mimi siwezi kukaa hivyo."

"Ni mwili wako."

"Na wewe wako umebaki nao wote. Umeupeleka wapi?"

"Ntinyari," Celina aliita, akifungua kikapu. Kulikuwa na chai ya maziwa ndani ya chupa, na mandazi, na yai la kuchemsha. "Njoo ule, mama yangu. Kaa hapa karibu na mimi."

Ntinyari alienda akakaa. Celina alimmenyea yai.

Karimi aliwapita, akaingia kwa daktari bila kubisha.

"Mwache yule mtoto," alisema. "Nitatoa mimi."

Daktari Habon aliweka kalamu chini. "Mimi sibadilishi watu, Karimi. Kama ni wewe, tutaanza upya. Kaa."

Akavuta kiti kutoka ukutani, akakisogeza mpaka mbele yake. Karimi alikitazama kile kiti. Nje alimsikia mama yake akicheka.

Hakukaa.