Sufuria ya Kikundi Iliyoteremka Salama

Mzee Nyamai alikuwa amechoka hata kabla ya kufunga kamba za viatu. Mkewe Kasiva alishasimama mlangoni na kofia ya kanisa kichwani, kama yule mama tajiri wa televisheni ambaye kila Jumanne hunywa divai kidogo na mumewe, wakazunguka kidogo, na kabla ya taarifa ya habari wamemshika muuaji.

"Baba Musyimi, twende! Wale wangekuwa washamaliza."

"Wale wana dereva."

Kilungu nzima iliwahesabu hawa wawili matajiri: pensheni mbili, televisheni pana kama mlango, na pikapu isiyowaka mpaka iteremke. Ndiyo maana akina mama wa kikundi cha kanisa waliwaachia kesi yao. Sufuria kubwa ya kikundi, ile inayomeza ndume na pembe zake na bado mpishi akapata pa kukaa, ilikuwa imepotea. Wavinya, mjane anayetunza stoo, alisema hajui iliko. Isipoonekana kufikia Alhamisi, angenyang'anywa ufunguo. Na ufunguo huo ndio uliomfanya aitwe kila harusi na kila matanga. Bila huo, nani angepiga hodi kwake tena?

Siku mbili Nyamai alipanda na kushuka vilima, magoti yakilia kama bawaba. Siku ya tatu Kasiva akamwona mwendesha boda mwenye masizi mgongoni, koti zima.

"Sufuria niliipeleka mjini Salama, kwa Mathenge wa mbao," kijana akasema. "Wavinya mwenyewe ndiye alinifungia kwa kamba."

Wakatazamana. Kumwazimisha asiye mwanachama chombo cha kikundi kulikatazwa kabisa.

Huko Salama, Mathenge, mgeni kutoka Nyeri, aliwapokea akiwa na aibu. Mama yake alipofariki hakuwa na jamaa karibu, na Wavinya alimwonea huruma, akamwazimisha sufuria ya kupikia waombolezaji.

"Mbona hukurudisha?"

"Mzee, niliambiwa watu wa huku hamrudishi chombo kikiwa tupu. Nimetia magunia matatu ya mahindi, hata nusu haijafika!"

Kasiva akakaa juu ya rundo la mbao. "Mwanangu, kikombe kimoja kingetosha."

Alhamisi sufuria ilikuwa uani, imeletwa kwa pikapu, na kikundi kilijaa sebuleni kwao. Kasiva alikuwa ameipanga siku hiyo kama ya televisheni: wote wameketi, yeye anatembea, kisha kidole. Lakini Wavinya alikuwa ameuweka ufunguo mezani tayari, na kidole cha Kasiva hakikuinuka.

"Haya, tuambieni," akasema Kanyiva, mwenyekiti. "Mwizi ni nani?"

Nyamai akainuka polepole, akishika kiti. Alitamani tu kulala.

"Ni sisi. Mama Musyimi alitaka kuoga kama matajiri, wanaolala ndani ya maji."

"Asi!" kikundi kikapiga kelele.

Kasiva akamtazama mumewe, akamtazama Wavinya. "Na maji yenyewe yalikuwa baridi," akasema.

Wakatozwa mbuzi, na kuamriwa waisugue sufuria kwa majivu mara tatu. Kanyiva akamsukumia Wavinya ufunguo. "Na wewe uwe unafunga vizuri. Hawa wazee si watu."

Jioni Nyamai akaingia ndani ya sufuria kwa magoti yote mawili, akaanza kusugua uchafu ambao haukuwepo. Wavinya akaja na gunzi lake, akashika upande wa pili.