Dirisha la Mwalimu Orla

Mkurugenzi Pyo wa kituo cha tuisheni alimpokea Nozuko kituo cha basi cha Jecheon, Korea Kusini, akiwa na mfuko wa machenza, akamwambia kwamba chumba kiko tayari, ila atakaa na mwenzake. "Ni mtulivu," alisema. "Hata hutajua kama yumo."

Kazi hiyo ya ualimu Nozuko aliipata kwa simu, akiwa jikoni kwa mama yake mjini Komani, Afrika Kusini. Alikuwa na shahada ya misitu isiyotakiwa na mtu, na cheti cha kufundisha Kiingereza alichokisomea mtandaoni akiwa amelala kitandani. Kila tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu hauuzwi dukani. Hili la Korea peke yake ndilo lililokuwa tofauti. Mkurugenzi Pyo alimtazama kwenye skrini, akatabasamu, akasema, "Uzoefu si lazima. Mwalimu Orla atakuwa nawe." Mama yake Nozuko alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Mwalimu Orla alikuwa mwanamke wa Ireland, mrefu, mwenye nywele nyekundu. Nozuko alimkuta chumbani ameketi kwenye kigoda kando ya dirisha, amelishika kwa mkono mmoja ili lisijifunge. Nje theluji ilikuwa ikianguka. Sakafu ilikuwa na joto zuri, maana nyumba za huko hupashwa na maji ya boila, mtambo wa gesi wa kuyachemsha, yanayopita chini ya sakafu, lakini joto lote lilikuwa linatokea dirishani na kwenda zake.

"Dada, tufunge dirisha," Nozuko alisema. "Mwenzako nimetoka kwenye jua."

"Vaa soksi, mdogo wangu," Orla alijibu.

Kituo cha tuisheni kilikuwa ghorofani, juu ya duka la kuku wa kukaanga. Watoto walivua viatu mlangoni, wakavaa kandambili, wakaingia darasani wakinuka kuku. Nozuko aliwafundisha kwa namna aliyofundishwa na cheti chake, na kabla kipindi hakijafika nusu walikuwa juu ya meza. Ndipo Orla alipokohoa kutoka kiti cha nyuma. Wakashuka. Akawaongoza taratibu, kwa sauti isiyopanda, na kila Nozuko alipokwama alimdokezea la kusema. Wazazi walimpenda sana Orla. Haugui, walisema, na matamshi yake hayajabadilika hata kidogo.

Kila mchana Mkurugenzi aliweka chenza moja mezani kwa Orla, na kila jioni alilichukua lilivyo akampa mtoto. Nozuko alidhani ni mambo ya kujinyima ya Wazungu.

Siku moja kalamu nyeusi za ubao zilikauka zote. Nozuko alitaka kuwachezesha watoto mchezo wa maneno, akachukua kalamu nyekundu na kuandika majina yao ubaoni, na chini kabisa akaandika la Orla, ambaye angekuwa mwamuzi. Alipogeuka, watoto walikuwa wamerudi nyuma mpaka ukutani. Ha-yul, msichana mwenye miwani mikubwa, alikuwa analia.

"Mwalimu, umetuua wote!" alipiga kelele Gyeong-min, aliyekuwa mtundu kuliko wenzake. "Nyekundu ni ya marehemu! Futa, futa!"

Nozuko aliomba radhi, akafuta kwa mkono wa sweta. Alipofika jina la mwisho, Gyeong-min alimzuia.

"Hilo liache," alisema. "Hilo ni sawa."

Orla, kule nyuma, aliitikia kwa kichwa na kuendelea kukata picha za wanyama.

Jioni walirudi nyumbani pamoja, Nozuko akiacha nyayo kwenye theluji na Orla haachi. Hilo nalo Nozuko aliliona siku hiyo tu, akajiona mjinga.

"Dada, kumbe wewe…"

"Tangu baridi ya mwaka jana. Bomba la moshi la boila lilichomoka ukutani. Gesi yake haina harufu, mdogo wangu, wala haibishi hodi. Asubuhi nikaja kazini kama kawaida, nikakuta watu wanalia. Mkurugenzi akaniuliza kama naweza kumalizia muhula."

"Na bomba?"

"Walilifunga utepe."

"Mbona hukwenda kwenu ukapumzika?"

"Jina langu liko kwenye ratiba, limeandikwa kwa wino mweusi. Nani kaniruhusu?"

Nozuko alikwenda kuliangalia bomba lile kwenye kibaraza cha nyuma. Utepe ulikuwa wa rangi ya fedha, na pembeni ulikuwa umeanza kubanduka. Kesho yake alimwendea Mkurugenzi akamwambia kwamba chumba kile kitamuua.

"Lakini Mwalimu Orla yupo," alisema Mkurugenzi. "Analishika dirisha vizuri sana."

"Na fundi je?"

"Fundi ana kazi nyingi msimu huu. Atakuja baada ya sikukuu. Kula chenza."

Kibali cha kazi cha Nozuko kilikuwa cha kituo hicho tu. Akiacha kazi, anarudi jikoni Komani, na vile vigelegele jirani alivisikia. Akala chenza.

Sikukuu ilikuwa ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi. Mkurugenzi alikuwa na shughuli ya meza ya wakwe zake, waliofariki zamani: samaki, matunda, supu ya vipande vya mkate wa mchele, na mlango ulioachwa wazi kidogo wapate kuingia. "Wanakuja, wanakula, wanarudi kwao," alimwambia Nozuko. "Watu wa adabu sana."

"Na Orla nani anamwandalia?"

Mkurugenzi alishangaa kidogo kwa swali hilo. "Mwalimu Orla si wa ukoo wetu," alisema. "Yeye ni mwajiriwa."

Nozuko alifika nyumbani akamkuta Orla kwenye kigoda chake, mkono umenyooka, macho yametazama milima. "Mkono unaniuma," Orla alisema. Hakuwahi kulalamika kabla ya hapo. Nozuko alilia. Alimpenda mwanamke huyo kuliko alivyojua, na Orla alikuwa amechoka, na mama yake huko Ireland alikuwa bado anaacha taa ya ukumbini ikiwaka.

Kwa hiyo siku ya kufunga kituo, watu wote walipokwisha kwenda kwao, Nozuko aliingia ofisini, akafuta jina la Orla kwenye ratiba ya ukutani, akaliandika upya kwa kalamu nyekundu.

Orla alilisoma kwa muda. "Na dirisha?" aliuliza.

"Nina mikono yangu, dada."

"Na usingizi unao pia."

"Nenda," Nozuko alisema. "Mama anangoja."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Orla alichukua begi lake, akamkumbatia, akashuka. Basi lilikuwa limejaa wasafiri wa sikukuu, akasafiri amesimama.

Nozuko alilizuia dirisha kwa kamusi. Siku za mwanzo kamusi ilishika. Kisha akapata mafua, homa ikapanda, na baridi ikawa kali mpaka maji yakaganda kwenye kikombe. Adhuhuri moja aliiondoa kamusi, akaliacha dirisha lijifunge, akajilaza sakafuni apate joto kidogo tu. Alikusudia kuamka alasiri.

Sikukuu ilipokwisha alikuja kazini. Mkurugenzi alilia machozi ya kweli, akainama mbele yake mpaka nywele zikagusa meza. Kisha akafuta jina jekundu la Orla, akaandika la Nozuko mahali pake kwa kalamu nyeusi, akamwekea chenza. "Muhula bado haujaisha, Mwalimu," alisema. Ha-yul alimletea Nozuko kalamu nyekundu ya ubao bila kuambiwa. Mkurugenzi aliipokea njiani na kuitia mfukoni.

Mwili wa Nozuko ulipelekwa Komani. Mama yake aliketi kwenye godoro sakafuni, kama wanavyoketi wafiwa wa kwao, na mazishi yalipokwisha aliendelea kuketi. Watu walimwambia ainuke, mwanawe amezikwa. Yeye alisema aliyefika si mwanawe, na kwamba mwenyewe bado yuko kazini.

Na kazini Nozuko alikuwa anafundisha vizuri. Hakukwama tena, sauti haikupanda, watoto hawakupanda meza. Wazazi walisema sasa amepata uzoefu.

Baridi iliyofuata aliletwa msichana kutoka Kanada, jina lake Solveig, aliyekuwa amehojiwa kwa simu akiwa chumbani kwake. Utepe wa bomba ulikuwa umeongezwa, kwa sababu fundi bado alikuwa na kazi nyingi. Solveig aliweka sanduku chini, akapuliza viganja, akamtazama mwenzake aliyeketi kwenye kigoda kando ya dirisha.

"Dada, hata kwetu kwenye barafu tunafunga dirisha."

Nozuko hakuutoa mkono dirishani.

"Vaa soksi, mdogo wangu," alisema.